Tuijue Viza Kabla ya Kuuza Ng'ombe

Wahenga walituachia usemi kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usemi huo umekuwa ndiyo sheria ya ugeni katika vijiji vyetu, toka Kondoa mpaka Mpwapwa na toka Manyoni mpaka Kongwa. Mgeni hupokewa kwa maji na chakula, huonyeshwa mahali pa kulala, halafu, kama bado yupo, huungana na wenyeji wake shambani. Hakuna aonaye aibu kwa jambo hilo. Kinyume chake, mgeni ashikaye jembe ndiye huhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Sheria za mataifa kuhusu wageni zimejengwa juu ya msingi mwingine kabisa. Huko, mgeni aliyeruhusiwa kutembea akishika jembe, iwe siku ya tatu au ya mia, amevunja sheria. Aweza kukamatwa, kurudishwa kwao, na kuzuiwa kuingia tena kwa miaka mingi. Na yule aliyeruhusiwa kushika jembe kwa tajiri mmoja, akilishika kwa tajiri mwingine bila idhini, naye mara nyingi huhesabiwa kuwa mkosaji. Kinachomtenga mgeni halali na mkosaji ni kibali kiitwacho viza. Na zaidi ya viza yenyewe, ni aina ya viza aliyonayo.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu safari ya ng'ambo si tena jambo la watu wachache. Zamani aliyevuka bahari alikuwa mwanafunzi aliyepelekwa na Serikali, ofisa, au mfanyabiashara mkubwa. Siku hizi yuko binti wa Bahi aliyeahidiwa kazi ya nyumbani huko Ghuba. Yuko mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma atafutaye nafasi ya masomo China. Yuko mgonjwa ambaye jamaa zake wamechangishana ili apelekwe India. Na yuko mzee wa Kondoa aliyeweka akiba miaka kumi ili akahiji. Wote hao, ili wapate nauli na ada, huuza kitu: ng'ombe katika mnada wa Msalato, magunia ya alizeti, au shamba la mizabibu lililotunzwa kwa jasho la miaka mingi.

Wengi wao huogopa jambo moja tu, nalo ni kunyimwa viza. Ni hofu ya haki, maana ada ya viza iliyokataliwa kwa kawaida hairudi. Lakini kwa maoni yetu iko hatari iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo haisemwi vya kutosha: hatari ya kupewa viza isiyolingana na safari yenyewe. Aliyenyimwa viza hupoteza fedha akabaki nyumbani kwao. Aliyepewa viza isiyofaa hupoteza fedha, kisha akajikuta ugenini bila sheria ya kumlinda.

Kwanza tuondoe utatanishi mmoja. Pasipoti si viza. Pasipoti ni neno la nchi yetu. Husema kwamba mwenye hati hii ni raia wetu. Hutolewa na Idara ya Uhamiaji, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, kwa mujibu wa Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002, na tangu Januari 2018 nchi yetu imekuwa ikitoa pasipoti za kielektroniki. Viza, kwa upande wake, ni neno la nchi ya wenyewe. Husema kwamba raia huyu tumemkubali aje, kwa shughuli fulani na kwa muda fulani. Hakuna ofisa wa Tanzania awezaye kuahidi viza ya nchi nyingine, seuze wakala wa mtaani. Na hata baada ya viza kutolewa, ofisa wa mpakani wa nchi ile bado ana mamlaka ya kumhoji msafiri na kumrudisha.

Wako watakaosema kwamba huu ni ubaguzi wa mataifa tajiri. Hatukatai kwamba maskini hupekuliwa kuliko tajiri. Lakini tuwe wakweli: hata sisi wenyewe tunafanya hivyo. Mtalii ajaye Tanzania kwa viza ya kawaida haruhusiwi kuajiriwa. Atakaye kuwekeza hutakiwa kupata kibali cha ukaazi cha daraja A, aliyeajiriwa daraja B, na mwanafunzi, mtafiti au mmisionari daraja C. Mnamo Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo ndogo, mojawapo ikiwa ni kununua mazao shambani kwa mkulima. Wakulima wetu wengi waliipokea amri hiyo kwa furaha. Basi, ikiwa tunaona ni haki mgeni wetu asishike jembe bila ruhusa, hatuna budi kuelewa kwamba na majirani wa mbali huona vivyo hivyo.

Sasa tutazame jinsi kosa la aina ya viza linavyoweza kugharimu, si fedha tu, bali uhai. Mwezi wa Juni 2024, wakati wa ibada ya Hija, joto la Makka lilipita nyuzi 50 za sentigredi. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki dunia, na kwamba asilimia 83 kati yao walikuwa watu wasio na kibali cha kuhiji. Wengi wa watu wa namna hiyo waliingia nchini humo kwa viza ya matembezi, ambayo ni rahisi kuipata na bei yake ni ndogo. Lakini kwa kuwa viza hiyo si ya Hija, hawakuwa na nafasi katika mahema yenye ubaridi wala katika mabasi yaliyoandaliwa kwa mahujaji rasmi. Wakatembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Baada ya msiba huo Misri iliyafutia leseni makampuni 16 ya safari. Mzee wetu wa Kondoa akiambiwa kwamba iko njia ya bei nafuu ya kuhiji, na aulize kwanza: je, viza hii ni ya Hija, au ni ya matembezi? Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyokuwa tofauti ya hema na jua.

Mfano wa pili unawahusu mabinti zetu. Katika nchi nyingi za Ghuba kumekuwapo mfumo wa kafala, yaani udhamini, ambamo kibali cha mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri mmoja aliyemdhamini. Mnamo Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya Watanzania wafanyao kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza habari za pasipoti zilizochukuliwa na waajiri, mishahara isiyolipwa, na saa za kazi zisizo na mwisho. Tangu hapo baadhi ya nchi hizo zimefanya mabadiliko. Qatar, kwa mfano, mwaka 2020 iliondoa sharti la mfanyakazi kupata idhini ya mwajiri wake ili ahamie kwa mwingine, na watumishi wa majumbani wakahesabiwa humo. Ni mabadiliko ya kupongezwa. Lakini ni dhahiri kwamba sheria ya kazi humfaa yule aliyemo katika daftari la wafanyakazi. Binti aliyepelekwa kwa viza ya matembezi, akiambiwa kwamba “mambo mengine yatarekebishwa huko huko,” hamo katika daftari hilo. Hana mkataba unaojulikana na serikali ya huko wala na ya kwetu. Akidhulumiwa na kwenda kushtaki, swali la kwanza atakaloulizwa ni kwa nini alikuwa anafanya kazi. Ndivyo mdhulumiwa anavyogeuzwa kuwa mshtakiwa.

Ulaya nako kuna mitego yake. Viza ya kutembelea Uingereza kwa kawaida humruhusu mtu kukaa mpaka miezi 6, lakini haimruhusu kuajiriwa, wala hawezi kuigeuza kuwa viza ya masomo akiwa humo humo nchini. Nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29, hutoa viza moja ya muda mfupi itumikayo kwa wote. Wasafiri wengi hudhani kwamba hupewa siku 90 kwa kila nchi. Sivyo. Ni siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, kwa nchi zote pamoja; aliyekaa siku 60 Ujerumani amebakiwa na 30 tu za Uholanzi. Aidha, tarehe za mwanzo na mwisho zilizoandikwa katika viza si idadi ya siku za kukaa. Viza yaweza kutumika kwa muda wa miezi miwili, ilhali siku zilizoruhusiwa ni 15. Zamani ofisa alihesabu siku kwa kutazama mihuri. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kuingiza katika mitambo alama za vidole na sura za wageni, na mtambo hausahau. Ada ya viza hiyo ni Yuro 90 tangu Juni 2024, na mwombaji hutakiwa kuwa na bima ya safari isiyopungua Yuro 30,000. Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba anayenyimwa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na ana haki ya kukata rufani.

Kwa mgonjwa aendaye India iko viza maalumu ya matibabu, na iko ya wasindikizaji wake, wasiozidi wawili. Jamaa wanaompeleka mgonjwa kwa viza ya utalii kwa kuwa inapatikana upesi hujiwekea matatizo, maana ugonjwa hauna kalenda, na matibabu yakirefuka mgonjwa huyo atakuwa kitandani na mkosaji kwa wakati mmoja. Hapa tuongeze kwamba si kila safari ya India ni ya lazima. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo hapa Dodoma, imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018. Ni busara kuwauliza madaktari wetu kwanza.

China hutofautisha wageni wake kwa herufi. L ni ya utalii, M ni ya biashara, X1 ni ya masomo yanayozidi siku 180, X2 ni ya masomo mafupi, na Z ni ya kazi. Mfanyabiashara aendaye Guangzhou kununua bidhaa anahitaji M. Kijana aliyeahidiwa kazi ya kufundisha, kisha akapelekewa karatasi za L au M, ajue kwamba aliyemwahidi ama hajui sheria, ama anaijua na hajali.

Tena milango hii haikai mahali pamoja. Marekani ni shahidi mzuri. Januari 2020 Watanzania waliondolewa katika bahati nasibu ya viza za ukaazi ya nchi hiyo. Januari 2021 katazo hilo likafutwa. Oktoba 2025 Tanzania ikaingizwa katika orodha ya nchi ambazo waombaji wa viza za biashara na utalii waweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Halafu, kwa tangazo la Desemba 2025 lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, utoaji wa viza za utalii, biashara na masomo kwa Watanzania ukasimamishwa, isipokuwa kwa waliosamehewa katika tangazo lenyewe. Uingereza nayo iliwafungulia mlango watunza wazee na wagonjwa mwaka 2022, Machi 2024 ikawakataza kwenda na wake, waume na watoto wao, na Julai 2025 ikaacha kabisa kuchukua wapya toka ng'ambo. Kijana aliyepewa habari na rafiki aliyesafiri miaka mitatu iliyopita amepewa habari ya ukweli, lakini ya mlango ambao huenda umekwisha kufungwa.

Hatupendi msomaji adhani kwamba dunia yote ni kuta. Kwenda Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hatuhitaji viza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Hatuhitaji vilevile kwa matembezi ya muda mfupi Zambia, Malawi, Msumbiji na Afrika Kusini. Hata hivyo, jembe ni jembe. Kuingia bila viza si kibali cha kazi, na kijana aendaye Johannesburg kwa matembezi akabaki kutafuta riziki amejiweka katika hali ile ile tuliyoieleza.

Yako basi masikitiko yetu makubwa, nayo ni juu ya mahali tulipo. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulifanywa mwaka 1973. Tangu 2016 Serikali imehamia kwa vitendo, na wizara ziko hapa. Lakini balozi nyingi zingali Dar es Salaam. Mwombaji wa Ikungi au Kondoa hulazimika kusafiri mpaka huko ili kutoa alama za vidole au kuhojiwa, na mara nyingine hurudi kwa sababu ya karatasi moja iliyopungua. Treni ya umeme, iliyoanza safari za Dodoma mwezi wa Julai 2024, imeupunguza mwendo huo na tunashukuru. Lakini treni hupunguza saa, haipunguzi kutojua. Na pale penye kutojua ndipo wanapostawi wajanja. Humfuata mwananchi mpaka kijijini, humwambia kwamba wana “mtu ndani ya ubalozi,” huchukua pasipoti yake na fedha zake, kisha humletea viza ya aina yoyote iliyopatikana kwa urahisi.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika. Ikiwa makao makuu ya Uhamiaji yako Dodoma, basi wananchi wa nyanda za kati wangepaswa kuwa wa kwanza kunufaika na ujirani huo. Tunapendekeza kwamba Idara hiyo, pamoja na Wizara ya Mambo ya Nje na wasimamizi wa huduma za ajira Serikalini, itoe maelezo mafupi kwa Kiswahili fasaha juu ya aina za viza za nchi ambazo Watanzania huzielekea zaidi, na kuyabadilisha kila sheria za huko zinapobadilika. Maelezo hayo yabandikwe katika ofisi za kata, yasomwe katika redio, na yafike misikitini na makanisani. Orodha ya mawakala wa ajira waliosajiliwa iwekwe wazi katika kila halmashauri, ili mzazi aweze kuitazama kabla ya kumkabidhi mtu mtoto wake. Nao wanaowapeleka watu kwa hila wafikishwe mbele ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, ambayo tunayo tangu 2008. Sheria isiyotumika ni sawa na panga lililobaki ukutani nyoka akiwa uvunguni. Ama kuhusu balozi, tunazidi kuzisihi ziutazame mji huu ambao ndio makao makuu ya nchi, na zikishindwa kuhamia mapema, basi japo zipokee maombi hapa kwa siku maalumu.

Kwa wananchi tuna maswali manne, ambayo kila mtu ayajibu kabla ya kuuza mali yake. La kwanza: viza hii ni ya shughuli gani, na je, ndiyo shughuli nitakayoifanya? La pili: inaniruhusu kukaa siku ngapi, na zinahesabiwaje? La tatu: imefungwa kwa nani, yaani kwa mwajiri, chuo, au mwenyeji gani, na itakuwaje nikimwacha? La nne: nani ameniambia haya, ubalozi wenyewe, au mtu atakayepata faida nikisafiri? Asiyeweza kuyajibu yote manne hajawa tayari kusafiri, hata kama tiketi iko mfukoni. Na aliye tayari asimpe mtu pasipoti yake kuitunza, na aache nakala ya pasipoti, viza na mkataba wake kwa jamaa aliyebaki nyumbani.

Hatumkatazi mtu kusafiri. Kutembea ni kuona, na nchi yetu imenufaika na wale walioondoka, wakasoma, wakafanya kazi, wakarudi. Tunachokataa ni mwananchi wetu kuondoka kwao mtu kamili mwenye jina na haki, akafika ugenini akiwa hana lolote kati ya hayo kwa sababu ya neno moja lililoandikwa katika viza yake ambalo hakuna aliyemsomea. Wahenga walisema mgeni apewe jembe. Mataifa yanasema mgeni aonyeshe kwanza karatasi ya jembe. Ni wajibu wetu kuwafundisha watu wetu kuisoma karatasi hiyo wakiwa bado hapa Dodoma, ng'ombe akiwa bado zizini.